Kudra na Msumeno

Fundi wa jua kali wa Manyatta, Kisumu, akipoteza kidole kwenye msumeno wa meza, hakosi wa kumwambia kuwa ajali haina kinga. Faraja hiyo inafaa hospitalini. Karakanani haifai.

Mashine yenyewe haina siri. Ubao ukibana meno ya nyuma hurushwa kwa fundi, na mkono wake huweza kuvutwa kwenye msumeno. Bamba jembamba nyuma ya msumeno huzuia ubao usibane, kifuniko huzuia vidole. Vikichelewesha kazi hung'olewa, kisha lawama hupelekwa mbinguni.

Mwaka 1999 Mmarekani Steve Gass, mwanafizikia na wakili wa hataza, alibuni breki inayohisi ngozi kwa umeme mdogo na kuusimamisha msumeno ndani ya milisekunde 5 hivi. Je, aliingilia kazi ya Mungu? Kumbukumbu la Torati 22:8 inamtaka ajengaye nyumba azungushie paa ukuta, la sivyo damu ya atakayeanguka iko juu ya nyumba yake. Naye Mtume Muhammad, katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake ndipo atawakali.

Breki ile ni ghali, kweli. Lakini sheria ya Kenya ya usalama kazini ya 2007 inadai mashine hatari zikingwe, na ile ya fidia, ya mwaka huohuo, ina jedwali linalopima vidole kwa asilimia. (Kibarua wa siku hulifikia kwa nadra.) Kifuniko cha bati hakihitaji hataza, welda wa Kondele anaweza kukiunga kwa mchana mmoja, mwenye karakana akitaka.