Dhima ya Kimya

Nilipokuwa kijana nilifanya kazi ya ukarani katika idara moja ambayo mkuu wake, mtu wa jaha na elimu, hakufunga baraza hata moja bila ya kuuliza, "Kuna mwenye neno?" Aliuliza kwa sauti ya upole, na huku anauliza alikwisha funika kalamu yake. Hapakuwa na mwenye neno. Masika moja paa la ghala letu lilivuja juu ya magunia ya karafuu kwa muda wa wiki tatu. Tarishi aliliona, mshika funguo aliliona, na mimi niliyeandika hesabu ya magunia nilisikia harufu ya uvundo kabla sijakanyaga kizingiti. Walakini habari hiyo haikuingia chumbani mwa mkuu mpaka siku ile wanunuzi walipofika. Alighadhibika, akatuuliza mmoja mmoja kwa nini hatukusema, na kila mmoja wetu akaapa kuwa hakujua. Hivyo juu ya hasara ya karafuu tukaongeza uongo, wala uongo ule haukumshangaza mtu.

Tangu siku hiyo suali moja limenikaa moyoni: mtu akinyamaza kwa hofu mbele ya mkubwa wake, na kimya chake kikaleta madhara, dhambi ile huandikwa katika daftari la nani?

Jawabu lililo karibu ni kuwa huandikwa katika daftari lake mwenyewe, kwani ukweli ni amana, na tumefundishwa kuwa jihadi iliyo bora ni neno la haki mbele ya mtawala dhalimu. Sikatai. Lakini iko hadithi nyingine, aijuaye kila mtoto aliyepita chuoni, ihusuyo kuuondoa uovu kwa mkono, na asiyeweza kwa ulimi, na asiyeweza kwa moyo. Na daraja ile ya tatu, ingawa ni ya imani dhaifu, imewekwa. Basi ikiwa sheria yenyewe imemruhusu mnyonge kuchukia kimoyomoyo, ule mzigo aliotuliwa haukutumbukia baharini. Lazima uko juu ya bega la mtu, nami sioni bega jingine ila la yule anayeogopwa.

Hapa ndipo ninapoachana na wale wanaodhani kuwa dawa ya kimya ni kuwahimiza wadogo wawe mashujaa. Ushujaa ni johari, na johari hazipatikani kila siku, ilhali mapaa huvuja kila masika. Pahali pa kazi ambapo kila neno la kweli lahitaji shujaa pamejengwa vibaya, kama nyumba ambayo mlango wake haufunguki ila kwa pahalwani.

Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife, ndege kubwa ya Kiholanzi ilianza kukimbia ili iruke, ndani ya ukungu mzito, na ndege ya Kimarekani ingali katika njia ile ile mbele yake. Rubani mkuu alikuwa bingwa, mwalimu wa marubani wenziwe. Fundi wa mitambo aliyekaa nyuma yake aliuliza kama ile ya Kimarekani imekwisha toka njiani. Akajibiwa kwa mkazo kuwa imetoka. Naye hakuuliza tena. Walikufa watu 583. Sababu za msiba ule zilikuwa nyingi, ukungu na sauti za redio zilizogongana zikiwamo, lakini mimi kila nikikumbuka humfikiria fundi yule, ambaye suali lake lilikuwa la haki, lakini baada ya jibu lile hakulirudia.

Katika miaka ya 1990 mtaalamu wa Kimarekani, Amy Edmondson, alichunguza makosa ya kutoa dawa hospitalini, akitaraji kuwa wauguzi wenye ushirikiano mwema watakuwa na makosa machache; hesabu zikamwonyesha kinyume. Alipozidi kudadisi aling'amua kuwa walio wema hawakukosea zaidi, ila walikuwa huru kuyasema makosa yao, na wenziwao waliyafukia. Hali hiyo siku hizi huitwa usalama wa kisaikolojia. Mimi ningependa kuiita amani ya ulimi. Wazee wetu walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua, na ni kweli. Ila mficha maradhi aghalabu ni mtu aliyekwisha onjeshwa adhabu ya kusema.

Masheikh wakizungumza habari ya shura hupenda kutaja vita vya Badri, na jinsi Al-Hubab bin al-Mundhir alivyomwuliza Mtume kama pale walipotua pamechaguliwa kwa wahyi au kwa rai, akaambiwa ni rai, akashauri wasogee visimani, na shauri lake likafuatwa. Ni kisa kizuri, lakini ni chepesi, kwa kuwa shauri lile lilifuatwa na ushindi. Na nani asiyeweza kumpenda mshauri aliyeleta ushindi? Mimi hukaa zaidi na vita vya Uhudi, vya mwaka wa 625. Mtume aliona heri kubaki Madina, wengine, na vijana wengi miongoni mwao, wakataka kutoka, akawafuata. Wapiga mishale 50 waliowekwa mlimani wasiondoke, wengi wao wakaondoka. Waislamu kama 70 wakauawa, na Hamza, ami yake Mtume, akiwamo. Mkubwa wa kawaida, baada ya siku kama ile, angaliapa asimwulize mtu rai mpaka kufa kwake, na sisi sote tungalimwelewa. Ilikuwa baada ya Uhudi ndipo iliposhuka, katika Sura ya Al-Imran, ile amri ya kuwasamehe, na kuwaombea maghufira, na kuwashauri katika mambo. Tena sura hiyo hiyo haikulifunika kosa la wapiga mishale; imelitaja bayana. Basi wanaosema kuwa upole huzaa uzembe na watazame hapo: kosa limeitwa kosa, na waliokosa wakarudishwa barazani.

Mkubwa ni jalala, husema Waswahili, na watu huudhani msemo huo kuwa ni pole anayopewa mkubwa kwa maudhi yake. Nadhani ni maelezo ya kazi yake. Jalala likifungwa lango, taka hazipungui, hubaki vyumbani.

Miaka ilipita, nami nikapewa chumba changu, na meza, na karani. Wiki ya kwanza niliitisha baraza, nikaeleza niliyotaka kueleza, kisha nikauliza kwa upole kama kuna mwenye neno. Hapakuwa na mwenye neno. Nikafurahi kwamba tumeafikiana, nikafunika kalamu yangu.