Masalio ya Kauri na Haki ya Mwenye Jino

Ganda la kauri libandikwalo juu ya jino la mbele, jembamba kiasi cha nusu milimita, hufanyizwa kwa njia ya kale ya masonara: fundi huchonga umbo lake kwa nta, akalizika ndani ya uji wa plasta istahimiliyo moto, na plasta ikishaganda akaiteketeza nta tanurini hata ikabaki kalibu tupu, kisha akashindilia humo donge la kauri lililolainishwa kwa joto lipitalo nyuzi 900. Kalibu ivunjwapo, hubakia pamoja na ganda kitako cha kauri, mara nyingi kikubwa kuliko ganda lenyewe. Na hapo huzuka suala ambalo fundi huliamua peke yake, bila ya mtu kumwuliza, kwamba je, ni halali masalio yale kuyarejesha motoni yakawa jino la mtu mwingine? (Simsemi achongeshaye meno mazima kwa urembo tu, kwani hilo wanavyuoni wamelizungumza sana, namkusudia aliyevunjika jino.)

Watengenezaji huagiza donge litumike mara moja. Agizo hilo lina uzito, walakini auzaye hufaidika kwa kila donge jipya, na israfu nayo ni dhambi: dini iliyomkataza mtu kufuja maji hata atawadhapo ukingoni mwa mto haiwezi kuridhia upesi kauri njema itupwe jaani. Lililo yakini ni kwamba moto wa pili huweza kuzikuza fuwele za lithiamu disiliketi ziipazo kauri nguvu, na rangi ikageuka kidogo. Ama uimara, watafiti walioupima hawakuafikiana, baadhi wakiukuta vile vile, baadhi wakiukuta umepungua.

Wako wajiteteao kwa kipimo. Mwaka 1971 McLean na von Fraunhofer walipendekeza kwamba mwanya baina ya jino na kazi ya fundi usizidi maikromita 120, na ganda la masalio likiutimiza mpaka huo, husemwa kwamba mgonjwa hakupunjwa kitu. Hoja hii siikubali hata kidogo, kwa kuwa mgonjwa amenunua pia miaka ya kutafuna na kucheka bila hofu, na mwanya hautoi habari za fuwele. Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika chungu ya nafaka sokoni akakuta chini mna umajimaji, mwenye mali alijibu kwamba ni mvua, naye hakulaumiwa kwa mvua, alilaumiwa kwa kutouweka umajimaji ule juu, watu wakauona. Tena masalio hayo ni mali ya nani, ikiwa mgonjwa wa kwanza alikwisha lipia donge zima?

Basi fundi na amwarifu daktari kwa maandishi, daktari naye amweleze mgonjwa, bei ishushwe kwa kadiri, na mwenye jino achague. Na asiye na uwezo, akishaelezwa yote hayo akaridhia, sioni wa kumzuia. Lakini aliyetozwa thamani ya donge jipya akabandikwa masalio, hata yakimkaa miaka ishirini bila ufa, alidhulumiwa siku ile ile alipolipa.