Adabu za Siku ya Kuzaliwa Ugenini

Mtu wa Afrika Mashariki aliyehamia Hamburg, Ujerumani, huenda akafadhaika siku yake ya kuzaliwa ya kwanza huko: anafika kazini na hakuna aliyemnunulia keki. Hajasahauliwa. Kwa desturi ya Wajerumani mwenye siku ndiye mwenyeji. Yeye huleta keki, akaiweka mezani, akawakaribisha wenzake. Hata zile pongezi za mapema alizozitarajia hazikuja kwa sababu wengi wao huamini kwamba kumpongeza mtu kabla siku haijafika ni kumletea nuksi.

Asinune, basi, akihesabu nani kamkumbuka na nani hakumkumbuka. Alete keki, awagawie, na kipande kimoja abishe nacho hodi kwa jirani ambaye mpaka leo wanapishana kwenye ngazi tu.

Siku ikiangukia Jumapili, maduka karibu yote yamefungwa kwa sheria na majirani wanataka utulivu, kwa hiyo muziki wa kutikisa kuta asiufikirie. Atoke autembee mji. Kutembea peke yake si unyonge. Aliye peke yake husimama anapotaka na kusoma kibao mpaka mwisho, bila mtu wa kumharakisha.

Ashuke gatini Landungsbrücken, apite kwa miguu, bila kulipa chochote, katika njia iliyochimbwa chini ya mto Elbe na kufunguliwa mwaka 1911. Aende Speicherstadt, yale maghala ya matofali mekundu kandokando ya mifereji, yaliyotunza kahawa, chai na viungo kutoka nchi za mbali. UNESCO iliyaingiza katika urithi wa dunia mwaka 2015. Akiingia mkahawani atangulize salamu kabla ya kuagiza. “Moin” inatosha, asubuhi hata usiku. Kwenye ngazi za umeme asimame upande wa kulia, wenye haraka wapite. Na picha za sura za watu asizirushe mtandaoni bila ridhaa yao, maana sheria ya Ujerumani inailinda haki hiyo.

Kuna mahali pa kupunguza sauti zaidi. Kanisa la St. Nikolai limebaki mnara na kuta zilizoungua tangu mabomu ya mwaka 1943, yaliyoua watu zaidi ya 30,000 mjini humo katika siku chache. Mnara una urefu wa mita 147, na kila mgeni anatamani kujipiga picha chini yake. Apige, lakini pozi za kuchekacheka aziache. Pale pamehifadhiwa kwa ajili ya waliokufa.

Akiwa na nusu siku nyingine, aende makaburi ya Ohlsdorf. Ni makubwa kiasi kwamba mabasi ya abiria hupita ndani yake. Humo amelala Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said wa Zanzibar, aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1844 na kuja Hamburg mwaka 1867 akiwa mke wa mfanyabiashara Heinrich Ruete, kwa jina jipya la Emily. Agosti 1870 mume alikufa kwa ajali ya tramu ya farasi. Mwezi huohuo Salme alitimiza miaka 26, mjane mwenye watoto watatu wadogo, mbali na kila aliyemjua utotoni. Alipofariki mwaka 1924 alizikwa na mfuko mdogo wa mchanga wa Zanzibar, aliokuwa ameutunza. Mgeni asimame hapo kwa heshima, amwombee, ila asimfanye malaika: Hamburg iliwahi kuupa uwanja mmoja jina lake, kisha ikaliondoa kwa sababu ya maandishi yake yaliyotetea utumwa. Kumhurumia mtu na kuyakataa maneno yake mabaya vinawezekana kwa wakati mmoja, na anayezuru kaburi la binti wa kifalme anapaswa kuviweza vyote viwili.

Jioni apige simu nyumbani, na aanze na mama. Siku ile uchungu ulikuwa wake. Mtoto amshukuru kabla hajapokea pongezi. Akumbuke tofauti ya saa: kiangazi Afrika Mashariki imetangulia kwa saa moja, majira ya baridi kwa saa mbili, na simu ya usiku wa manane humtia mzazi hofu. Kama machozi yanamlenga, aseme tu kwamba amewakumbuka. Kujifanya yuko katika sherehe kubwa ni kuwadanganya watu wanaomjua kwa sauti.

Nanyi ndugu mliobaki nyumbani, siku hiyo mpigieni ninyi kwanza. Mwulizeni amekula nini na ametembea wapi. Ada za shule na mabati ya nyumba ya babu yasubiri mpaka kesho yake.