Maneno ya Msiba

Katika darasa la mazungumzo ya Kiingereza, tetemeko la ardhi ni somo lipendwalo. Mwalimu huuliza, wanafunzi hujibu. Huyu huangusha nyumba, yule hufurikisha mito, wa tatu huhesabu maiti. Na kengele ipigwapo wote huenda zao wakicheka. Darasa kama hilo likiketi Mbaraki, kisiwani Mombasa, ambako mnara wa kale wa mawe ya matumbawe umesimama imara kwa karne kadhaa, ni rahisi kudhani kuwa zilizala ni mambo ya watu wa mbali. Msomaji, nakuuliza: je, ni haki kuyafanya machozi ya wengine kuwa zoezi la ulimi wetu?

Wako wasemao kuwa si haki. Kwao msiba una heshima yake. Mfiwa hupewa mkono wa pole, hafanywi mfano wa sarufi. Hoja hii ina uzito. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mtu awezaye kulitaja janga kwa lugha mbili, naye asione huruma hata kwa moja, amepata elimu ya kasuku.

Lakini kunyamaza nako si adabu siku zote. Tarehe 26 Desemba 2004 ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia. Mawimbi yaliyozaliwa hapo yaliua watu zaidi ya 200,000 katika nchi nyingi. Yalichukua saa nyingi kuvuka Bahari ya Hindi hadi pwani yetu, na katika saa hizo habari iliyatangulia maji. Watu waliondolewa katika fuo za Mombasa, na Kenya nzima ikapotewa na mtu mmoja. Somalia, ambako mawimbi yalikuwa makubwa zaidi na wengi hawakupata onyo, walikufa watu wapatao 300.

Siku hiyo hiyo, katika ufuo wa Maikhao huko Thailand, msichana wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 10, Tilly Smith, aliona bahari ikitoka povu kwa namna isiyo ya kawaida. Majuma mawili kabla alikuwa amefundishwa dalili hiyo katika somo la jiografia. Hakuona haya kusema. Watu wakakimbia, wakaokoka.

Basi kosa halimo katika kuzungumza, limo katika kuzungumza bila moyo. Wazee wetu walinena: mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Hawakusema umcheke, wala hawakusema ufumbe macho. Kwa hiyo, kijana, ujifunzapo jina la janga katika lugha yoyote, uliza mambo mawili: nani aliumia, na mimi nitamwonyaje jirani yangu? Neno lililojibu maswali hayo limelipa deni lake kwa waliokufa.