Chovya Chovya Humaliza Buyu la Asali

Waliotuachia methali hii walilijua buyu vizuri. Ukiwa nje huoni asali imefika wapi, na mdomo wake mara nyingi hupitisha kidole tu. Anayechovya analamba, anafunika, anaondoka akiwa na hakika kwamba buyu liko kama alivyolikuta. Siku kidole kinapogusa ukuta mkavu, nyumba nzima inaulizana: nani kaimaliza asali? Iteni michovyo yote mbele ya baraza, mmoja mmoja. Hamtapata hata mmoja unaostahili adhabu.

Hapo ndipo ulipo uzito wa methali. Nyingine nyingi hutuonya tusifanye kosa; hii inatuonya juu ya jambo ambalo si kosa. Soda ya mchana si kosa. Bodaboda kwa mwendo wa dakika kumi si kosa, wala bando la pili baada ya la kwanza kuisha kabla ya jioni. Lakini shilingi 2,000 zikitoka hivyo kila siku, mwaka ukiisha ni 730,000. Kwa anayepanga chumba cha shilingi 60,000 kwa mwezi, hiyo ni kodi ya mwaka mzima na 10,000 juu yake. Mtu huyohuyo akitaka kununua kitanda, atauliza bei duka hadi duka, atashauriana na mwenzake, ataahirisha hadi mwisho wa mwezi. Jambo kubwa tunalikalia kikao. Dogo linapita bila kuulizwa.

Wengi huiweka methali hii bega kwa bega na Haba na haba hujaza kibaba. Kanuni yao ni moja, ila nguvu hazilingani. Anayechovya hupata utamu papo hapo, anayejaza kibaba hapati chochote mpaka kijae. Kwa sababu hiyo siuamini ushauri wa kumwambia mtu ajikaze tu. Moyo unachoka, buyu likiwa karibu, kidole kitalifikia.

Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vimelielewa hili kuliko wahubiri wengi wa akiba. Katika vikundi vingi, sanduku lina kufuli tatu, funguo wanazo wanachama watatu tofauti, na anayelitunza nyumbani kwake hana hata ufunguo mmoja. Hufunguliwa siku ya kikao, mbele ya wote. Hakuna aliyewaita wanachama wezi. Wamejuana tu kwamba ni binadamu. Tena huchanga mfuko wa jamii kando ya hisa, ili ugonjwa au msiba ukimfika mmoja wao, msaada usitoke kwenye akiba. Busara hiyo inafaa kila nyumba. Kumsaidia ndugu si kuchovya, ni wajibu. Wajibu basi utengewe fungu lake, uache kuvizia fungu la ada ya mtoto.

Simu imelisogeza buyu hadi kwenye mto wa kulalia. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia Tanzania 2008, na faida yake kwa watu wasio na benki jirani haina mjadala. Hata hivyo, pesa ambayo zamani ilikuwa ndani ya kibubu, ikingoja kivunjwe, leo inatoka kwa tarakimu nne za siri saa tano usiku. Anayetoa kidogo kidogo mara tano kwa kawaida hukatwa zaidi ya anayetoa mara moja. Zimekuja pia huduma kama Fuliza ya Kenya, iliyoanza 2019, zinazokuruhusu kulipa hata salio likiwa halitoshi. Huko ni kuchovya asali ambayo nyuki hawajaitengeneza.

Methali hii isitumike kumchapa maskini. Mama anayenunua mafuta ya kupima na unga wa robo analipa ghali kuliko anayebeba dumu na kiroba, naye anajua. Hachagui, ndicho alichonacho mkononi siku hiyo. Huyo anahitaji kipato, hahitaji hotuba. Methali inasema na mwenye buyu: mwenye mshahara, mwenye mavuno yaliyouzwa, mwenye duka anayechota kwenye droo bila kuandika.

Wewe mwenye buyu, pesa ikiingia, tenga akiba kabla hujalipa chochote kinachoweza kungoja, uiweke pasipofikika kwa kidole kimoja: kwenye kikundi, SACCOS, au akaunti isiyounganishwa na simu. Kisha leo, kabla hujalala, fungua orodha ya miamala ya simu yako ya wiki iliyopita, uisome mstari kwa mstari, hata ile midogo unayoona haya kuihesabu.