Ng'ombe Aliyekufa kwa Kimeta ni wa Nani?

"Daktari, unazika chakula cha Mungu?" Wazee wa Monduli huniuliza hivyo ninapokataza ng'ombe aliyekufa ghafla asichunwe, na si swali la kijinga. Wamasai husimulia kuwa Enkai, Mungu wao, aliwateremshia ng'ombe kutoka mbinguni. Kuimwagia chokaa zawadi hiyo shimoni, watoto wenye njaa wakitazama, kunafanana na kufuru.

Mimi ni Mwislamu. Kwangu mzoga ni haramu. Lakini dini hiyohiyo humruhusu aliyebanwa na njaa ale, kwa hiyo sijifichi nyuma ya katazo langu. Hoja yangu ni udongo. Ukiona damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au mkunduni mwa ng'ombe aliyekufa, usimpasue. Ukimpasua, vimelea vya kimeta hukutana na hewa, hujivika gamba gumu na kukaa ardhini miongo kadhaa. Ndiyo maana tunachimba mita 2, tunamwaga chokaa, tunafukia, kisha tunarundika miiba fisi wasifukue. Kwenye ardhi ya mawe, kazi hiyo humaliza siku nzima, na vijana wananung'unika, kwa haki.

Mwenye ng'ombe alimiliki maziwa, ngozi na nyama. Kifo hiki humpokonya vyote: mzoga sasa unamhusu kila atakayechunga hapo, hata mjukuu ambaye hajazaliwa. Aliyetoa ng'ombe ndiye aliyetoa malisho, na sioni shukrani katika kula kimoja kwa kukiharibu kingine.

Basi, wazee wangu, mwiteni afisa mifugo kabla ya kunoa kisu.