Dobi, Moto na Amana Isiyoonekana



Nyumbani kwetu Nakivale nguo hukaushwa na jua. Mama hufunga kamba kutoka kwenye nguzo ya nyumba hadi kwenye mti. Mvua ikianza naye hayupo, jirani yeyote, awe Mkongomani, Mrundi au Msomali, huzianua nguo na kuziweka ndani kwake. Hakuna mkataba. Kamba iko nje, kila mtu anaiona, na jirani aliyeziacha zilowe ataulizwa alikuwa wapi.

Likizo iliyopita nilipata kazi mjini Mbarara kwa dobi mmoja, mama wa Kiislamu tunayemwita Hajati. Ana mashine mbili za kukaushia nguo, za aina ile ya majumbani. Huko ndiko nilikokutana na swali la makala hii: mtu akizembea jambo ambalo hakuna aliyeliona, kisha hasara ikatokea, anadaiwa nini?

Kwanza nieleze mashine yenyewe. Huvuta hewa, huipasha moto na kuipitisha katika pipa linalozungusha nguo. Hewa hiyo hutoka na unyevu pamoja na nyuzi laini zinazong'oka kwenye nguo. Nyuzi nyingi hunaswa na chujio. Zilizobaki huganda ndani ya bomba la nyuma linalotoa hewa nje. Chujio likijaa au bomba likiziba, hewa haipiti vizuri, joto hubaki ndani, na nyuzi zile hushika moto upesi kama pamba. Kwa hiyo chujio husafishwa kila baada ya mzigo mmoja, na likiwa na utando huoshwa kwa brashi na maji ya sabuni. Bomba nalo huchomolewa na kusafishwa mara kwa mara, umeme ukiwa umezimwa. Nguo yenye petroli au mafuta ya kupikia haitiwi humo. Si hofu ya bure. Idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia zimamoto ilikadiria kwamba kati ya 2008 na 2010 mashine hizi zilisababisha mioto kama 2,900 kila mwaka katika makazi ya watu, na sababu iliyoongoza, asilimia 34, ilikuwa kutosafishwa.

Hajati alinionyesha hayo yote siku ya kwanza. Chujio na bomba vilikuwa kazi yangu. Wiki mbili nilifanya nilivyoambiwa. Kisha Idi ikakaribia, mizigo ikawa mingi, nikaanza kuruka: leo mizigo miwili bila kusafisha, kesho minne. Bomba sikuligusa kabisa. Siku moja moshi ukatoka nyuma ya mashine. Tuliwahi kuzima umeme, lakini kanzu moja na mashuka mawili ya mteja viliungua. Hajati alimlipa mteja shilingi 150,000, sawa na mshahara wangu wa wiki mbili. Kisha akasema, "Ni umeme huu, mwanangu. Unapanda na kushuka." Nikaitikia, "Ndiyo, Hajati."

Usiku ule nilifungua vitabu. Suala la dobi si geni katika fiqhi. Imam Shafi'i, Allah amrehemu, anataja katika Al-Umm kisa cha Kadhi Shurayh. Dobi mmoja aliunguliwa na nyumba, na kadhi akaamua alipe nguo ya mteja. Dobi akalalamika: atalipaje na nyumba yake mwenyewe imeungua? Kadhi akamuuliza kama, lau ingeungua nyumba ya mteja, yeye angesamehe ujira wake. Kwa rai hiyo, Hajati alifanya sawa kumlipa mteja wake. Lakini kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kwamba fundi ni mtu aliyeaminiwa, halipi isipokuwa amevuka mpaka au amezembea. Na ar-Rabi', mwanafunzi wa Imam, amesimulia kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa itikadi ya mwalimu wake, ila hakuitangaza kwa kuchelea mafundi waovu.

Niliposoma hayo nilifunga kitabu. Mimi kwa Hajati ni mwajiriwa, na fiqhi inaniamini. Hukumu yote ilisimama juu ya jambo moja, nilizembea au sikuzembea, na shahidi wake katika watu ni mimi tu. Imam alikuwa akiwachelea watu kama mimi.

Rafiki ninayesoma naye aliniambia, "Allah amekusitiri, nawe jisitiri. Tubu, toa sadaka, yaishe." Hoja yake si nyepesi. Ni kweli tumefundishwa tusianike dhambi ambazo Allah amezifunika. Lakini sitara hiyo ni ya dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake. Haki ya Hajati haifutwi na sadaka niliyompa mtu mwingine.

Nikafikiria njia ya pili, kumrudishia fedha kidogo kidogo kwa siri. Deni lingelipika. Lakini Hajati alikwisha kuulizia bei ya stabilaiza, na bomba lilikuwa bado limeziba. Chumba wanacholala yeye na wajukuu wake kiko nyuma ya duka. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa habari ya nyumba iliyoungua usiku Madina na watu wake wakiwamo, aliuita moto adui, akaamuru uzimwe watu wanapolala. Basi kumficha mtu chanzo cha moto unaoweza kumkuta usingizini si sitara tena. Ni ghushi.

Siku ya tatu nilimwambia. "Hajati, si umeme. Ni mimi. Sikusafisha."

Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Tangu lini?" Nikamweleza. Akasema, "Nusu utalipa wewe. Nusu ni yangu, maana nilikuwa sikagui." Hakunifukuza. Lakini kwa siku nyingi, kila nilipomaliza kusafisha chujio na kulirudisha, alikuja kulichomoa aangalie mwenyewe. Hilo liliniuma kuliko zile 75,000. Jioni ile tulivuta mashine na kuchomoa bomba. Nyuzi zilizotoka zilijaa beseni.

Ndugu zangu, kamba ya Nakivale inalindwa na macho ya majirani. Kazi nyingi tutakazozifanya baada ya chuo zitakuwa kama mashine ile: hesabu za ofisi, dawa za zahanati, mitihani ya watoto wa watu. Zote zina upande wa nyuma asiouona mtu, na kosa likitokea huwa kuna kisingizio kilicho karibu, kama umeme. Ihsani ya hadithi ya Jibril, kuishi tukijua kwamba Allah anatuona, nilikuwa nikiifikiria ndani ya swala tu. Sasa nikisimama kuswali hulikumbuka bomba lile.

Allah atujaalie tuwe wenye kutunza amana, na tukizembea atupe ujasiri wa kusema. Amin.

Wallahu a'alam.